Ghala la Harmondsworth: Miaka 600 ya Mwaloni

Kwa Waswahili wengi wa London, jina la Harmondsworth halitajwi kwa furaha. Hapo, kaskazini mwa uwanja wa ndege wa Heathrow, ndipo kilipo kituo cha kuwazuilia wahamiaji wanaosubiri kurudishwa makwao. Ukisikia kijana wa fulani yuko Harmondsworth, ujue simu zitaanza kupigwa na watu watachangishana pesa za wakili. Mimi pia nililijua jina hilo kwa habari hizo. Lakini jirani na kituo hicho kuna kijiji cha kale, na ndani ya kijiji limo ghala la nafaka la mbao lililojengwa katikati ya miaka ya 1420. Ghala hilo halijaanguka, halijahamishwa, na miti yake karibu yote ni ile ile iliyosimamishwa na mafundi wa kwanza. Tangu nilipolisoma jambo hili sikutulia mpaka nilipokwenda kuliona.

Nilikwenda na mjomba wangu, ambaye ni fundi seremala. Alijifunza kazi Tanga kwa baba yake, akachonga milango na vitanda, akaezeka nyumba za watu, kisha maisha yakamleta Slough, mji ulio magharibi mwa Heathrow, na huko amestaafu. Nilijua kwamba nikienda peke yangu nitaona jengo, lakini nikienda naye nitaona kazi. Tukachagua Jumapili ya mwezi wa Mei, maana ghala hufunguliwa Jumapili mbili tu katika mwezi, na wanaolifungua na kuwapokea wageni ni wenyeji wanaojitolea.

Basi kutoka Slough hupita barabara ya Bath, barabara ya zamani iendayo magharibi. Siku hizi pembezoni mwake zimejaa hoteli za wasafiri na maegesho ya magari. Ukiiacha na kuingia kaskazini, dunia inabadilika ghafla. Kuna uwanja mdogo wa majani, vilabu viwili vya pombe vyenye kuta za zamani, nyumba za matofali mekundu, na kanisa la Mtakatifu Maria ambalo mlango wake wa upande wa kusini ulichongwa katika karne ya 12. Katika makaburi ya kanisa hilo amezikwa Richard Cox, mtengeneza pombe aliyestaafu akajifurahisha na bustani, na ambaye ndiye aliyeotesha aina ya tufaha inayobeba jina lake hadi leo katika kila soko la Uingereza. Tulisimama kidogo, mjomba akamwombea. Halafu ndege ikapaa, na kwa muda hatukuweza kusikilizana.

Ghala liko nyuma ya kanisa, baada ya kijia kifupi. Kwa nje halijitangazi. Ni ukuta mrefu wa mbao zilizopigwa jua na mvua hadi zikawa na rangi ya kijivu cha giza, na juu yake paa la vigae linaloshuka chini sana, kiasi kwamba paa ni kubwa kuliko ukuta. Upande mmoja una milango mitatu mirefu ya kupitisha magari ya kukokotwa na farasi au ng'ombe. Hakuna nakshi, hakuna sanamu, hakuna jina la mwenyewe juu ya mlango. Ni jengo la shamba, na lilijengwa kama jengo la shamba.

Tukaingia, na mjomba akavua kofia.

Urefu wake ni karibu mita 58, upana unakaribia mita 12, na kutoka sakafuni hadi kileleni mwa paa ni mita 11 hivi. Lakini takwimu hizi hazikuandai. Ndani hakuna dari, hakuna ghorofa, hakuna kilichofichwa. Unaona mifupa yote ya jengo kwa mara moja. Safu mbili za nguzo nene zinakwenda mbele yako hadi zinakaribiana kwa umbali, na juu ya nguzo miti imepita kwa mapana, kwa marefu na kwa mshazari, kila mmoja umeshika mwenzake, mpaka jicho linapotea gizani karibu na vigae. Mwanga unaingia milangoni na katika mianya ya mbao za ukuta, ukikatakata vumbi. Harufu ni ya mti mkavu. Kuna ubaridi pia, ule wa chini ya mwembe mkubwa wakati wa adhuhuri.

Mwenyeji mmoja, mama mtu mzima mwenye beji ya kujitolea, alitupa karatasi ya maelezo na kutaka kutuonyesha. Mjomba akamwomba radhi kwa adabu, kwamba kwanza tutembee wenyewe. Akaanza kwenye nguzo ya kwanza, akaigusa kwa kiganja chote, akaizunguka.

"Tazama chini, mwanangu," akaniambia. "Haigusi ardhi."

Kweli. Kila nguzo imesimama juu ya jiwe lililochongwa. Mti uliochimbiwa ardhini huoza pale unapokutana na udongo, na mchwa wa kwetu wala hawasubiri uoze. Hawa waliuinua mti juu ya jiwe, maji yakashuka yakaenda zake, na miaka 600 baadaye mguu wa nguzo bado mkavu. Lakini mti usiochimbiwa hauna kitu cha kuushikilia usianguke. Jengo zima inabidi lijishikilie lenyewe, kwa viungo. Hapo ndipo kazi ya seremala wa zama hizo ilipo, na hapo ndipo mjomba alipotumia muda wake wote.

Nijaribu kueleza alivyonieleza. Upana wa mita 12 ni mkubwa mno kwa mti mmoja kuuvuka na kubeba paa la vigae bila kupinda. Kwetu pwani tunaujua ukomo huo vizuri sana: nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina vyumba virefu lakini vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari nzito ikivuka zaidi ya mita tatu hivi. Waarabu wa Ghuba waliopakia boriti zetu majahazini kwa mamia ya miaka walijenga vyumba vyao kwa kipimo hicho hicho. Fundi wa Kiingereza alikuwa na mwaloni, mti mnene na mrefu kuliko mkoko, lakini hata mwaloni una ukomo. Kwa hiyo aligawa upana mara tatu. Katikati aliacha njia pana kati ya safu mbili za nguzo, na kila upande akaongeza ubavu mwembamba ambao paa lake linashuka hadi kwenye ukuta mfupi. Ndiyo maana paa kwa nje linaonekana limekaribia kugusa majani. Makanisa makubwa ya mawe yamejengwa kwa mpango huo huo, njia ya kati na mbavu mbili.

Kwa urefu jengo limegawanywa vyumba 12 visivyo na kuta, kila kimoja kikiwa na karibu mita tano, na kenchi 13 ndizo zinazoligawa jengo na kulibeba paa. Mtambaapanya unavuka kutoka nguzo ya kushoto hadi ya kulia ili nguzo zisitanuliwe na uzito. Mwamba unalala kwa urefu juu ya vichwa vya nguzo na kupokea makombamoyo. Kutoka kila nguzo imetoka miti iliyopinda, inayopanda kwa mshazari kuishika mitambaapanya na miamba ili upepo usiliyumbishe jengo. Mjomba alisema kupinda huko si kwa kukunjwa. Fundi alikwenda msituni akitafuta tawi lililoota limepinda vile anavyotaka, kwa sababu mti uliokatwa kufuata nyuzi zake una nguvu kuliko mti ulionyooka ukachongwa mkunjo. Mafundi wa majahazi hufanya vivyo hivyo wakitafuta mataruma.

Kisha akanionyesha kichwa cha nguzo. Nguzo inanenepa inapokwenda juu. Kwa desturi ya maseremala wa Uingereza wa karne hizo, mti ulisimamishwa kichwa chini: upande wa shina, ulio mnene, uliwekwa juu. Sababu ni kwamba juu ndipo panapokutana miti mitatu, yaani nguzo, mwamba na mtambaapanya, na kila mmoja unahitaji ulimi wake na tundu lake. Nguzo nyembamba isingekuwa na nyama ya kutosha kwa matundu hayo yote. Ukiupindua mti, unapata unene palepale unapouhitaji.

"Huyu hakupoteza hata kilo moja ya mti," mjomba akasema, na akarudia. Kwake hiyo ndiyo sifa kubwa.

Hakuna msumari unaoshika mifupa hii. Kiungo ni ulimi ulioingia tunduni, kisha kigingi cha mwaloni kikapigiliwa kupita vyote viwili. Maseremala wa zamani walikuwa na ujanja wa kutoboa tundu la kigingi katika ulimi nje kidogo ya mstari wa tundu la nguzo, ili kigingi kinapopigiliwa kiuvute ulimi ndani kwa nguvu. Tena walifanya kazi na mti mbichi. Mwaloni mbichi unachongeka kwa shoka, tezo na patasi, lakini ukikauka unakuwa kama chuma. Kwa hiyo jengo lilisimamishwa likiwa bichi, likakaukia mahali pake, miti ikasinyaa na kujipinda kidogo, na kila kiungo kikazidi kukaza. Alama za shoka bado ziko juu ya nguzo. Ukiweka kidole unazihisi, moja baada ya nyingine, na unajua mkono wa mtu ulikuwa unakwenda upande gani.

Kenchi za namna hii hazikuunganishwa hewani kwa mara ya kwanza. Zililazwa chini kwanza, kila kiungo kikajaribiwa na kutiwa alama ya mikato, mara nyingi kwa namba za Kirumi kwa kuwa hizo zinakatika kwa patasi kwa urahisi. Kisha zikafumuliwa, zikapelekwa mahali pake na kuinuliwa kwa kamba na nguvu za watu. Mjomba alizitafuta alama hizo kama mtu anayetafuta mwandiko wa rafiki.

Sasa niseme lilijengwa na nani na kwa ajili ya nani, kwa maana ghala kubwa kiasi hiki halijengwi na mkulima wa kawaida.

Mwaka 1069, miaka mitatu baada ya kuiteka Uingereza, Mfalme William aliwapa shamba la Harmondsworth watawa wa abasia ya Utatu Mtakatifu ya Rouen, mji wa Normandi alikotoka yeye. Kwa zaidi ya miaka 300 ngano ya hapa ilikuwa mali ya watu walio ng'ambo ya bahari, na waliolima hawakukubali kimya. Katika miaka ya 1270 wakulima wa Harmondsworth waliwapeleka watawa mbele ya mahakama ya mfalme. Walidai kwamba ardhi hii zamani ilikuwa ya wafalme, na kwa hiyo wao wana haki za kale ambazo bwana mpya hawezi kuzivunja kwa kuwaongezea kazi za bure. Kitabu kikuu cha mali za Uingereza cha mwaka 1086 kikafunguliwa, na wakashindwa. Nimeliweka tukio hili hapa makusudi. Mtu akisimama chini ya miti ile akaona uzuri tu, amesahau jasho la waliojaza ghala.

Vita vya muda mrefu kati ya Uingereza na Ufaransa viliwafanya watawa wa Kifaransa washindwe kushika mali zao za Uingereza. Mwaka 1391 shamba likanunuliwa kwa ajili ya Chuo cha Winchester, kilichoanzishwa mwaka 1382 na Askofu William wa Wykeham, aliyekuwa pia waziri mkubwa wa mfalme. Chuo hicho kilikusudiwa kuwasomesha wanafunzi 70 wasio na uwezo. Msomaji anayejua wakfu ataelewa upesi: mtu anatoa mashamba, mazao yanauzwa, na fedha zake zinalisha na kuwasomesha watoto mwaka baada ya mwaka bila kuomba tena. Harmondsworth lilikuwa shamba la namna hiyo. Watu wengi huliita ghala la zaka, lakini nafaka yake haikuwa fungu la kumi la kanisa. Ilikuwa nafaka ya mwenye shamba, na mwenye shamba alikuwa chuo.

Na kwa kuwa chuo kilikuwa na makarani, tunajua mambo ambayo kwa kawaida hupotea. Hesabu za chuo za mwaka 1426 zinawataja William Kypping, seremala, na John atte Oke, waliotumwa Kingston upon Thames kununua mbao za ghala. Hesabu zinazofuata zinataja kuezekwa kwa vigae. Hayo ndiyo yote: majina mawili katika daftari la matumizi. Wafalme wa zama hizo wana makaburi ya marumaru, lakini nilipomsomea mjomba majina hayo aliyarudia taratibu, Kypping, atte Oke, kisha akasema, "Alhamdulillahi, waliandikwa." Baba yake aliezeka nusu ya mtaa mmoja wa Tanga na hakuna karatasi inayosema hivyo.

Miti yenyewe nayo imetoa ushahidi. Kila mwaka mti huongeza pete moja, nene katika mwaka wa mvua nyingi, nyembamba katika mwaka wa shida, na mpangilio wa pete hizo ni kama alama ya kidole ya miaka fulani. Wataalamu walichukua vipande vyembamba kutoka kwenye nguzo na boriti za Harmondsworth, wakalinganisha pete, wakapata kwamba miti ilikatwa kati ya majira ya baridi ya 1424 na majira ya machipuko ya 1426. Daftari la karani na moyo wa mti vimekubaliana.

Huko Essex, mashariki ya London, yako maghala mawili ya zamani zaidi, ya Cressing Temple. Yalijengwa katika karne ya 13 na Mashujaa wa Hekalu, wale watawa wapiganaji wa vita vya msalaba, waliopewa ardhi hiyo na Malkia Matilda mwaka 1137. Watu walibishana sana juu ya umri wa maghala yale mpaka alipotokea mwalimu wa shule aitwaye Cecil Hewett. Alichora viungo vya mamia ya majengo ya mbao na kuonyesha kwamba ndimi na matundu hubadilika karne kwa karne, hata mtu aweze kusoma umri wa jengo katika viungo vyake. Kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya useremala wa Essex kiliwafungua macho wengi, na vipimo vya maabara vilivyokuja baadaye vikathibitisha kwamba maghala ya Cressing ni ya kale kama alivyosema. Napenda habari hii kwa sababu elimu kubwa ilitoka kwa mtu aliyekubali kupanda ngazi na kutazama kiungo kwa kiungo.

Kazi ya ghala ilikuwa nini hasa? Mavuno ya ngano, shayiri na oti yaliletwa yangali katika mabua yake, yamefungwa matita, na kupangwa kati ya nguzo hadi juu. Gari liliingia kwa mlango mmoja kati ya ile mitatu na kupakua moja kwa moja. Kisha majira yote ya baridi, shamba likiwa limelala, vibarua walipura humo ndani kwa fimbo na kupepeta kwenye upepo wa milangoni. Kwa hiyo jengo hili lilikuwa stoo na pia mahali pa kazi, na mianya ya ukuta iliachwa ili hewa ipite nafaka isiote ukungu. Chuo kilipoteza shamba katika miaka ya 1540 kwa kubadilishana ardhi na Mfalme Henry VIII. Wamiliki wakabadilika mmoja baada ya mwingine, na ghala likaendelea na kazi ile ile hadi miaka ya 1970. Nadhani hilo ndilo lililoliokoa. Jengo linalotumika huzibwa vigae vinapovuja, na jengo lililostaafishwa huachwa.

Wasanifu wakubwa walikuja kulitazama. George Gilbert Scott, mmoja wa wasanifu waliosifika kuliko wote katika Uingereza ya karne ya 19, alilitembelea, na alipotakiwa kuchora kanisa kuu la mji wa Christchurch huko New Zealand, alichora sehemu ya ndani iwe ya mbao, kwa kufuata mfano wa ghala hili, akizingatia kwamba nchi ile ina matetemeko ya ardhi. Askofu wa huko akataka mawe, kwa kuwa mawe mazuri yalipatikana. Kanisa la mawe likajengwa, na mwezi wa Februari 2011 tetemeko likaliangusha mnara wake na kulivunja vibaya. Siwezi kudai kwamba la mbao lingesalimika, ila najua mti uliofungwa kwa vigingi hupinda kidogo na kurudi, na jiwe halina tabia hiyo. Karne moja baada ya Scott, mshairi John Betjeman aliliita ghala hili kanisa kuu la Middlesex, na jina hilo limeganda.

Sifa zote hizo hazikulizuia kukaribia kufa. Kampuni iliyolimiliki ilipofilisika, ghala lilitolewa kwa taasisi za umma kwa pauni moja, nazo zikakataa, kwa kuwa aliyelipokea angepokea pia gharama za kulitunza. Mwaka 2006 kampuni nyingine, iliyoandikishwa Gibraltar, ikalinunua kwa pauni hiyo moja na kulifunga. Vigae vikaanza kuporomoka, mvua ikaingia, wanakijiji wakapiga kelele. Ilibidi shirika la urithi la serikali, English Heritage, liingie kwa nguvu ya sheria kufanya matengenezo ya dharura, na mwishoni mwa mwaka 2011 likalinunua kwa pauni 20,000. Paa likakarabatiwa na ghala likafunguliwa tena. Pauni 20,000! Kwa fedha hizo hupati hata chumba kimoja katika kitongoji chochote cha London.

Ukarabati haukumaliza hatari. Heathrow yenyewe ni jina la kitongoji cha wakulima kilichobomolewa mwaka 1944 ili uwanja wa ndege upate nafasi, na kwa miongo kadhaa sasa umekuwapo mpango wa kujenga njia ya tatu ya kurukia upande huu wa kaskazini. Mwaka 2018 Bunge liliupitisha kwa kura, mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikauzuia na Mahakama ya Juu ikauruhusu tena, na Januari 2025 serikali ikatangaza kuuunga mkono. Ukitekelezwa kama ulivyochorwa, nyumba nyingi za Harmondsworth zitabomolewa, na ghala litabaki limesimama karibu kabisa na ua wa uwanja. Yule mama mwenye beji alituonyesha kwa mkono mpaka utakapopita. Hakusema kwa hasira. Alisema yeye na mumewe wamezeeka hapa, na kwamba watu wakiondoka, hajui nani atakuja kulifungua Jumapili.

Mimi nasafiri kwa ndege, na ndugu zangu wanakuja kunitembelea kwa ndege hizo hizo. Sitajifanya kwamba uwanja hauna faida. Lakini naamini, bila kusita, kwamba kuliacha ghala na kuondoa kijiji ni kulibakiza gofu. Jengo la shamba limeshapoteza shamba. Likipoteza na watu, litabaki kitu cha kutazamwa kupitia waya.

Kabla ya kutoka, mjomba alimwuliza yule mama kama anaweza kukaa kidogo. Akaletewa kiti. Alikaa katikati ya ghala, ananyoosha kidole kutoka kenchi hadi kenchi, na wageni wengine, Waingereza na Wahindi wa jirani, wakaanza kumsogelea kumsikiliza. Akawaeleza kwa nini nguzo imenenepa juu, kwa nini kigingi hakitoki, tezo inashikwa vipi. Mama mwenye beji alichukua kalamu akawa anaandika nyuma ya karatasi zake za maelezo. Mwisho alimwuliza kama angependa kujiunga na wanaojitolea, kwa maana hawana seremala hata mmoja. Mjomba akakubali pale pale, na msimu uliofuata alikuwa miongoni mwao.

Kwa wasomaji walio pwani yetu nina ombi. Nyumba za boriti za Lamu, Unguja, Bagamoyo na Tanga zimejengwa na mafundi ambao wazao wao bado wapo. Kama una mzee nyumbani anayekumbuka nani aliyechonga mlango wenu au nani aliyeezeka paa lenu, muulize sasa, andika jina, andika mwaka, na uweke karatasi hiyo pamoja na hati za nyumba.

Na anayepita London: ghala hufunguliwa Jumapili ya pili na ya nne ya kila mwezi, kuanzia Aprili hadi Oktoba, na hakuna kiingilio. Kutoka uwanja wa Heathrow kuna mabasi ya mtaa yanayopita kijijini, na safari haichukui muda mrefu. Vaa koti hata kama jua linawaka.